Cha Tatu Nusu

Veszprém, tarehe 7 Novemba, 1768

Kwa kaka yangu mpenzi Gergely,

Lipo jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri katika kitubio, na leo nimeketi nikuandikie wewe. Lakini Mama alitufundisha kwamba mtu haingii nyumbani mwa watu akaanza kutua mizigo kabla hajasalimu, kwa hiyo kwanza pokea salamu. U mzima huko Graz? Kile kikohozi cha vumbi la mawe ulichokitaja kimekuachia? Sisi huku tu wazima wa mwili. Shangazi Orsik anakusalimu sana. Bata bukini wa sikukuu ya Mtakatifu Martini amenona hadi anatembea kama kanoni wa kanisa kuu, na Shangazi anasema kama bado hujapata mwanamke wa kukupikia kabichi basi ni heri urudi, kwa sababu hao watu wa Graz wanakula unga na maziwa kama watoto wasio na meno. Baba naye ni mzima, kwa maana ya kwamba anakula, anakwenda misa, na anajibu akiulizwa.

Barua yako ilifika wakati wa kuchuma zabibu. Baba aliisoma mwenyewe. Uliuliza mtu aliyekufundisha kupima mara tatu kabla ya kukata jiwe aliwezaje kukosea hesabu ya kuba nzima, na ukasema waashi wenzako wanakuuliza kama wewe ni mtoto wa yule Keszei. Shangazi alikasirika, akasema ulimi wako umekuwa mrefu kuliko barabara uliyoipita. Baba akamwambia akuache, kwamba una haki ya kuuliza. Kisha akaikunja barua yako ndogo sana, akaitia mfukoni mwa fulana, na najua bado imo kwa sababu mimi ndiye ninayeifua.

Kaka, jibu la swali lako ninalo mimi. Nivumilie nifike huko kwa mwendo wangu, maana nikikimbia nitageuka nirudi.

Kesho ni sikukuu ya Mashahidi Wanne, wasimamizi wetu waashi. Desturi unaijua: fundi anayeweka timazi chini, akaacha kujenga kwa hiari yake, huleta chamani ukurasa mmoja wa maisha yake. Husomwa mbele ya mafundi wote wakiwa wamevua kofia, kisha hufungiwa kwenye kasha la chama, na kilichoingia humo hakifutwi wala hakiongezwi. Baba ameamua kupeleka wake kesho. Ana miaka hamsini na saba, mikono yake bado haitetemeki. Kwa siku tatu amekuwa akinitajia maneno, naye akitembea kutoka dirishani hadi jikoni, nami nikiandika. Leo kazi yangu ni kunakili safi ili atie sahihi.

Katika siku hizo tatu nimesikia mambo ambayo sidhani hata wewe unayajua. Siku zote tuliambiwa Babu alikuwa mtu wa mawe, nami nikadhani alikuwa mwashi. Kumbe alikuwa akiendesha mkokoteni kutoka machimboni, na mawe hayakuwa yake, wala ng'ombe hawakuwa wake. Baba alianza kubeba matofali akiwa na miaka minane. Anasema kulikuwa na fundi mmoja aliyempiga kofi kila alipoukanyaga uzi wa kupimia, kwa hiyo akajifunza kuuangalia uzi kwa kuyaogopa makofi, na alipouangalia sana akaupenda.

Akiwa na miaka kumi na tisa alikwenda Vienna kwa miguu, viatu akiwa amevining'iniza shingoni visije vikaisha njiani. Miaka sita alichonga mawe huko, na Jumapili alinakili michoro ya bwana wake kwa mkaa nyuma ya karatasi za kufungia mishumaa. Hawakumwita kwa jina. Walimwita Mhungaria, kana kwamba hakubatizwa. Walimtania kwamba hata usingizini anakula mafuta ya nguruwe na kitunguu. Nilimuuliza kama alikasirika. Akasema angekasirika vipi, na ilikuwa kweli.

Aliporudi, chama kilimtaka achore ngazi ya kuzunguka isiyo na nguzo katikati, ndipo apewe ufundi. Siku kumi na moja alichora. Mzee wa chama akamuuliza ngazi hiyo itashikiliwa na nini, Baba akajibu kwamba kila jiwe litashikiliwa na mwenzake, kama mafundi wa chama wanavyoshikana, na kama wanavyokanyagana. Mzee akacheka. Mama alikuwa binti wa mzee yule. Alikuwa jikoni, akasikia, akatoka na mwiko mkononi kuuliza ni nani huyo aliyemchekesha baba yake, maana nyumba ile kicheko kilikuwa kigeni. Kaka, sikujua hilo. Miaka yote hii sikujua kwamba sisi tumetokana na mzaha.

Baada ya hapo Baba alizitaja kazi zake kama mtu anayewaita watoto wake waje mezani: ghala la makanoni, daraja la matao matatu, ile nyumba ya kando ya ziwa ambayo mwenyewe alikufa kabla ya kulala ndani yake, mnara wa kuangalia moto, makanisa mawili madogo. Hakusifu hata moja. Kuhusu daraja alisema tu kwamba maji ya mwaka wa mafuriko yalipita juu yake, na asubuhi lilikuwapo.

Kisha akasita, akaniambia jambo linalofuata nisiliandike. Halafu akalisimulia. Aliitwa na kabaila mmoja apeleke mchoro wa lango. Alitaka kumwambia kwa Kijerumani kwamba juu ya lango atamjengea mnara mzuri. Wewe unajua neno la mnara na neno la mnyoo kwa lugha ile yameachana kwa herufi moja tu. Baba, mbele ya kabaila, mkewe na wageni kumi na wawili, aliahidi kuwajengea mnyoo mrefu ajabu utakaoonekana hadi vijiji vya jirani. Mke wa kabaila akauliza kwa upole kama mnyoo huo utakuwa na kengele. Baba akasema naam, mbili. Kazi aliipata, na lango lile lingalipo. Lakini walicheka hadi wakaegemeana, na alipoeleweshwa nje na mtunza farasi, aliapa kwamba hataandika wala hatatamka Kijerumani mbele ya mtu wa maana hadi kufa kwake, na kile kidogo alichokiokota Vienna, ambacho hakikuwahi kuzidi zana na mawe, akakiacha kimtoke hata masikioni. Na kazi zote kubwa, Kaka, zilikuwa kwa Kijerumani. Akaamua mtoto wake mmoja awe ulimi wake. Wewe ulikuwa na mikono ya mawe tangu utotoni. Ulimi nikawa mimi.

Basi nilipelekwa Pozsony kwa masista nikiwa na miaka tisa. Huko Kihungaria kilikatazwa hata mezani. Aliyeteleza alivishwa ubao mdogo shingoni, akakaa nao hadi mwenzake ateleze naye. Mimi sikuuvaa ubao ule hata siku moja, na masista waliniandikia sifa nzuri ambazo Baba alizionyesha chama kizima. Hawakujua siri yake. Sikuteleza kwa sababu sikusema. Nilinyamaza mwaka wa kwanza kwa woga, mwaka wa pili kwa mazoea, na mwaka wa tatu nilianza kuota kwa Kijerumani. Niliporudi nikiwa na miaka kumi na minne, Mama alikuwa ameshazikwa, wewe umeshaondoka, na Baba akanipokea mlangoni kwa maneno mengi ambayo niliyaelewa nusu. Nilitabasamu. Mtu mwenye haya akinyamaza, watu hudhani ana adabu. Nilikuwa mgeni katika lugha ya mama yangu, na nyumba nzima ilinisifu kwa utulivu. Baba aliwaambia waashi kwamba bintiye ana ndimi mbili na zote hazipigi kelele. Maneno mengi yalinirudia polepole, hasa yale ya jikoni. Mengine hayakurudi, nami sikuyauliza.

Juni ya mwaka ule ule, 1766, Baba alikuwa ameanza kanisa la Sárkövesd. Ulishaondoka, kwa hiyo hukuuona mchoro wake. Kuba ya matofali, futi thelathini na sita upana, bila nguzo hata moja ndani. Aliniambia kwamba tangu Vienna alikuwa akiibeba kuba ile kichwani, akingoja watu watakaomwamini. Msimamizi wake wa kazi kule alikuwa Matthias Zeidler, yule Mmoravia mwenye masharubu mekundu mliyefanya naye kazi darajani. Utakumbuka alijua maneno matatu tu ya Kihungaria, na mawili hayasemeki mbele ya wanawake. Baba alikaa mjini akichora na kubishana na wakataji mawe. Maagizo yalikwenda Sárkövesd kwa barua, na barua niliziandika mimi, yeye akisema kwa Kihungaria, mimi nikiandika kwa Kijerumani.

Mchanganyiko wa kuba aliutaja akiwa amesimama dirishani, amenipa mgongo. Kikapu kimoja cha chokaa, alisema, na mchanga harmadfél.

Kaka, wewe neno hilo unalijua kama unavyolijua jina lako. Cha tatu nusu. Viwili vizima, na cha tatu nusu yake, yaani viwili na nusu. Watu wetu wamehesabu hivyo tangu enzi za wafalme. Mimi nilisikia tatu, kisha nikasikia nusu. Nikaandika kwa Kijerumani safi, kwa ule mwandiko uliosifiwa na masista: vikapu vitatu na nusu vya mchanga.

Nilisita, na hilo ndilo linalonitafuna. Kalamu ilisimama. Kuna kitu kiliniambia neno lile sikuwa nimelishika sawasawa, nikainua uso nimuulize, kisha nikauinamisha tena. Ningemuulizaje? Baba, kwa lugha yetu tunahesabu vipi? Akauliza bila kugeuka kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza.

Mwishoni mwa Agosti Shangazi alinituma sokoni kuchukua plamu za jemu, vikapu harmadfél. Nikarudi na mchukuzi amebeba vitatu na nusu. Shangazi alivitazama vikapu, akanitazama mimi, akaweka mikono kiunoni.

"Mwanangu, nimekuomba cha tatu nusu, umeniletea cha nne nusu. Hao masista walikufundisha kuhesabu kwa vidole vya miguu?"

Kisha akanielewesha kwa vikapu vyenyewe, kwa kuwa ni mwema akishamaliza kutukana. Akapanga viwili vilivyojaa, akamimina cha tatu hadi nusu. Nilicheka pamoja naye. Nikakishika kikapu cha ziada nikirudishe sokoni, na njiani nikakiweka chini, nikaukumbuka mchanga wa Sárkövesd.

Hata hapo, Kaka, kungekuwa bado ni kosa la mtoto asiyejua. Natamani ningeweza kuishia hapa, na katika barua tatu nilizokwisha kuzichana niliishia hapa. Lakini siyo hapo.

Siku nne baadaye ilikuja barua ya Zeidler. Naijua kwa moyo. Aliandika kwamba kuba imefika nusu. Aliandika kwamba mchanga wa kule ni laini kama unga wa mkate, na mkono wake unamwambia chokaa haitoshi. Akamwomba Fundi Mkuu amthibitishie kama kweli ni vitatu na nusu. Mstari wa mwisho ulisema hivi: neno lako moja tu, nami nabomoa na kuanza upya, na sitanuna.

Baba alikuwa mezani. Akauliza Zeidler anasemaje. Niliinua barua mbele ya uso wangu asinione, nikasema anauliza kama aendelee.

"Aendelee," Baba akasema, na mkate mdomoni. "Tangu lini Zeidler akaogopa kimo?"

Nikaandika kwamba Fundi Mkuu anasema endelea kama ulivyoandikiwa. Nikaipiga muhuri. Barua ya Zeidler nikaitia motoni, Shangazi akiwa palepale anakoroga jemu, akanikemea kwamba karatasi inatoa masizi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kwanza nilijiambia kwamba watu hawa wamejenga maisha yao yote, na kikapu kimoja cha mchanga ni kitu gani. Kisha nikajiambia kwamba kubomoa nusu ya kuba kungemvunja moyo Baba. Ukweli ni mdogo kuliko hayo, na una aibu zaidi. Sikutaka ajue kwamba ule ulimi alioulea kwa miaka mitano haukujua kuhesabu kwa lugha ya nyumbani. Basi.

Mbao zilizoishikilia kuba ziliondolewa juma moja baada ya Pasaka ya mwaka uliofuata. Nilikuwapo. Ilisimama. Zeidler alirusha kofia yake juu, na Baba akaingia katikati, akasimama chini yake peke yake, akainua uso kama mtu anayenyeshewa. Nilianza kuamini kwamba Mungu amenisamehe bila kuniuliza. Ikasimama karibu majuma sita. Watu wa Sárkövesd walikuwa wameshakata matawi ya kupamba kanisa kwa Pentekoste wakati mvua ilipoanza. Ilinyesha siku nne. Asubuhi ya tano Zeidler aliwazuia watu wote mlangoni, akaingia peke yake kusikiliza, kwa sababu kuba ilikuwa ikidondosha mchanga, alisema, kama mwanamke anayechekecha unga. Ilianguka naye akiwa ndani.

Hakufa. Nyonga ilivunjika, na mguu wa kushoto ukasagika chini ya goti. Baba alinichukua twende naye kwa sababu alihitaji mtu wa kufasiri. Zeidler alikuwa amelazwa nyumbani kwa padri, masharubu yake yamejaa vumbi la chokaa ambalo hakuna aliyekumbuka kulifuta. Alinishika mkono, akaniambia kwa Kijerumani:

"Mwambie baba yako sina kinyongo. Lakini niliuliza. Niliuliza habari za mchanga, naye akasema niendelee. Nataka tu nimsikie akiniambia kwa nini."

Baba akainama karibu, akaniita kwa jina langu la nyumbani. "Anasemaje, Bora?"

"Anasema hana kinyongo."

Na hayo yalikuwa maneno yake kweli, Kaka. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kudanganya bila kuongeza neno. Baba alilia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye kaburi la Mama hakulia. Akasema nimwambie Zeidler kwamba kosa ni lake yeye, kwamba hajui amekosea wapi, lakini ni lake. Nikamgeukia Zeidler nikamwambia, baba yangu anasema kosa ni lake. Yale ya katikati niliyameza. Zeidler alifumba macho, akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilolingoja. Wakashikana mikono juu ya blanketi, kila mmoja akiamini amemsikia mwenzake, na mimi nimekaa katikati yao kama mlango uliofungwa.

Yaliyofuata uliandikiwa na Baba, lakini hakukuandikia yote. Watu walisema Zeidler aliiba chokaa. Baba alikwenda mbele ya wazee wa mji, akavua kofia, akasema Zeidler alijenga sawasawa na alivyoagizwa, na aliyekosea ni yeye aliyehesabu. Waliamini, maana nani atajisingizia jambo kama hilo. Kanisa alipewa fundi mwingine, ambaye ameliezeka kwa mbao. Zeidler alikuja kuchukuliwa na dada yake kutoka Moravia, akalazwa juu ya majani makavu katika mkokoteni. Baba alitembea kando ya gurudumu hadi nje ya mji. Hawakuwa na lugha ya kuagana, kwa hiyo Zeidler akamtukana kwa yale maneno yake mawili ya Kihungaria, wote wakacheka, na mkokoteni ukaondoka.

Tangu hapo Baba anahesabu. Hili hakuna aliyekuandikia. Kila siku baada ya misa anakaa na kibao na chaki, anaijenga kuba upya kwa nambari: uzito wa matofali, msukumo wa kuta, unene wa pete ya chini. Akifika mwisho anafuta na kuanza tena. Majira ya kuchipua ya mwaka huu mji ulimwomba daraja la pili, chini kidogo ya lile la kwanza. Akakataa, akawaambia kwamba mtu asiyeliona kosa lake mwenyewe hana ruhusa ya kuwapitisha watu juu ya maji. Shangazi alimgombeza juma zima. Alimwita punda wa machimboni, akasema hata farasi akianguka mara moja haachi kuwa farasi. Mimi nilimletea maji ya kunywa, naye akanionyesha kibao.

"Nimezihesabu mara arobaini, Bora. Zinakubali. Zinakubali kila mara. Basi kosa limo humu kichwani, mahali nisipoweza kupaona, na labda lilikuwamo siku zote."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayeeleza nyumba yenye ufa. Nilikuwa nimeshika kikombe. Ningeweza kusema pale pale, maneno hayazidi kumi, na kwa Kihungaria ninayajua yote sasa. Nikauliza kama anataka maji zaidi.

Sasa ukurasa. Nimenakili yote: mkokoteni, uzi, viatu shingoni, ngazi, daraja. Limebaki jambo moja la mwisho, nalo ni hili, kama alivyolitaja mwenyewe: Kuba ya Sárkövesd ilianguka kwa kosa la hesabu yangu, ambalo sikuweza kuliona, na kwa sababu hiyo naweka timazi chini. Kesho asubuhi litasomwa mbele ya mafundi wote, kwa mwandiko wangu, kisha kasha litafungwa. Hesabu ile haikuwa na kosa, Kaka. Hesabu ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Anakwenda kuizika yeye mwenyewe, na mimi ndiye niliyechimba.

Nimekaa na kalamu tangu baada ya misa na sijaweza kuandika mstari ule. Nilipoanza barua hii nilitaka nikuombe ushauri. Lakini posta ya Graz inachukua siku nane, na kasha linafungwa kesho, kwa hiyo ushauri wako ungenikuta nimeshakuwa mtu wa namna moja au nyingine. Sikuombi ushauri. Nakuomba msamaha, kwa maswali unayoulizwa huko kwa ajili ya jina letu, na kwa barua ile uliyomwandikia Baba, ambayo ilipaswa kuandikwa kwangu.

Na ninakuomba hili pia. Huko Graz wapo waashi wa Moravia. Ukimpata anayefahamu alipo Matthias Zeidler, nitumie jina la kijiji chake. Nitamwandikia mwenyewe kwa Kijerumani, na safari hii nitaandika yote Baba aliyoniambia niseme.

Shangazi anasema ujifunge shuka ya sufu kifuani kabla theluji haijaanza. Amekuwekea mtungi wa jemu ya mwaka huu, atakupelekea na mtu akipatikana. Kaburi la Mama tulilipalilia siku ya Marehemu Wote, tukawasha mishumaa miwili, mmoja kwa jina lako. Usiache kula. Usigombane na msimamizi wako, hata akiwa mjinga. Mungu akulinde na mawe ya juu na ya chini.

Ni mimi mdogo wako,
Borbála

Baba alikuwa amekwenda kwa mzee wa chama kuazima joho jeusi la kesho, na sasa namsikia ngazini. Anapumzika kwenye kile kipandio cha tisa kama kawaida yake. Tangu asubuhi, kila Shangazi alipopita, niliisukuma barua hii chini ya ukurasa wa chama na kujifanya nanakili. Nimeitoa, nimeiweka juu. Nikiiweka kalamu chini nitakaa juu ya mikono yangu ili isibadili nia. Amefika mlangoni, anakung'uta viatu. Ikikufikia barua hii bila muhuri, Kaka, ujue Baba ameisoma kwanza, nawe umeisoma wa p